Kabla hujapanda boti kwenda kuhoji manesi wa Lamu

Watu wakisikia maadili ya utafiti wa afya wanawaza damu, sindano na dawa za majaribio. Sasa wewe humtoi mtu damu, unaenda kuuliza kwa nini dawa hazifiki, kwa nini pesa zinachelewa, nani hupangiwa zamu ya usiku kila wiki, alafu unajiambia kwenye utafiti huu hamna wa kuumia. Yupo, na mara nyingi ni yule nesi aliyekujibu ukweli.

Makaratasi nitayapita haraka. Idhini ya kamati ya maadili inayotambulika na NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu), leseni ya NACOSTI yenyewe, alafu barua ya idara ya afya ya kaunti kwa sababu tangu 2013 dispensari na hospitali za kaunti hazisimamiwi tena kutoka Nairobi. Ukifika upige hodi kwa kamishna wa kaunti, na vijijini kwa chifu na mzee wa mtaa. Hizo zote ni ruhusa za kuingia tu. Fomu nyingi za kamati ziliandikiwa watu wa majaribio ya dawa, zitakuuliza utatoa damu kiasi gani na hazitakuuliza bosi wa nesi atafanya nini akisoma ripoti yako. WHO walitoa mwongozo wa maadili kwa utafiti wa sera na mifumo ya afya mwaka 2019, usomeni kabla ya kuandika protokali, yaani mpango wa utafiti, si baada ya kurudishiwa.

Sasa ishu kubwa, na hapa ndio nawaona watu wakiteleza kila siku. Unaandika kwenye fomu ya ridhaa "jina lako halitatajwa" na unaona umemaliza. Kisiwa cha Pate huko Lamu kina dispensari za kuhesabika, na kuna dispensari nesi ni mmoja au wawili, yeye ndiye kliniki ya watoto, yeye ndiye kuzalisha, yeye ndiye funguo za stoo. Alafu ripoti inatoka imeandikwa "nesi wa kike, dispensari ya kisiwani, amefanya kazi miaka sita", chini yake maneno yake kwamba fulani huko ofisini hapeleki dawa mpaka apigiwe simu. Hapo umeficha nini? Mtu wa afya kaunti akisoma mstari mmoja tu anamjua, na uhamisho wa kupelekwa mbali na watoto haulazimiki kuandikwa sababu yake. Kwa hivyo kabla ya kutoka amueni: manukuu hayabebi kijiji, jinsia wala miaka ya kazi, ikiwezekana muyachanganye na ya Kilifi na Tana River, na maneno makali mumsomee mwenyewe kabla hayajachapishwa, akisema toa mnatoa. Mkiona hata hivyo bado anajulikana, mwambieni hivyo tangu mwanzo, msimuahidi siri msiyoweza kuitunza.

Ridhaa nayo. Ukipitia kwa inchaji, yule msimamizi wa dispensari, akawaita wenzake akasema "hawa wageni wametoka kaunti, wasaidieni", nesi mdogo au yule wa kontrakti atakataa vipi? Mwombeni inchaji awape nafasi tu, kuchagua nani ahojiwe msimwachie, na wala asijue nani alikubali na nani hakukubali. Mahali pa kuongea pia pafikirieni mapema. Chumba cha dispensari mlango ni pazia na wagonjwa wako kwenye benchi hapo nje wanasikia kila kitu, barazani ndio usiseme kabisa, kila apitaye anasimama kusalimia. Na saa nzima ya intavyu mnaitoa kwa nani? Kwa yule mama aliyetoka alfajiri na mtoto ana homa, anangojea nesi huyo huyo. Nendeni mchana kliniki ikishapungua, au siku atakayochagua nesi mwenyewe, na mgonjwa akiingia intavyu inasimama.

Alafu kuna lile swali ambalo timu nyingi hulikuta uwanjani likawachanganya. Umekaa pale unamuona mtu anatozwa pesa, na ada za dispensari zilifutwa 2013. Utaripoti? Ukiripoti, wa kwanza kuumia ni nesi, na pengine pesa hiyo ndio inayomlipa mama wa usafi na mlinzi kwa vile fungu la serikali halijaingia. Ukinyamaza, mwananchi anaendelea kulipa asichodaiwa. Mimi naona mambo mawili yatenganishwe na yaandikwe kabla: hatari ya hapo hapo, mfano dawa iliyopitwa na muda au mgonjwa kupigwa, hiyo inapelekwa mbele na mhojiwa awe ameambiwa hivyo kwenye fomu ya ridhaa, ada za vichochoroni zinapelekwa juu kama tatizo la mfumo, bila kutaja dispensari. Wengine watanipinga hapa, sawa, lakini bora mbishane ofisini kuliko kila mkusanyaji data aamue peke yake akiwa Kizingitini, kule Pate.

Wagonjwa nao watakuuliza, "mwanangu, hizi ndizo fomu za SHA?", yaani mamlaka ya bima ya afya ya serikali. Usicheke, usiendelee, eleza mpaka aelewe kwamba hakuna bima wala dawa inayotoka hapo.

Upande wa Basuba, bara ya Lamu karibu na msitu wa Boni, na kwa jamii ya Waaweer wanaoishi huko, kuna operesheni ya usalama tangu 2015, kwa hivyo tableti inayorekodi lokesheni ya kila nyumba ni kitu cha kuogopesha, izimeni kama haihitajiki, na mkilazimika kusindikizwa na askari basi mjue majibu mliyopata ni ya mtu aliye mbele ya askari. Sheria ya kulinda data ya 2019 inahesabu habari za afya ya mtu kuwa data nyeti, kwa hivyo hizi picha za rejista za kliniki kwenye simu ya mtu binafsi na grupu ya WhatsApp ya mradi ziacheni kabisa. Nauli ya boti ya mhojiwa mrudishieni, posho iwe sawa na ya miradi mingine isije ikawa ndio sababu ya kukubali. Kusi likikaza vijana wenu wasilazimishwe kuvuka kwa ajili ya dedilaini ya mtu aliyeko Nairobi.

La mwisho ni ripoti, na hili liandikeni kwenye makubaliano na kaunti kabla ya intavyu ya kwanza: kaunti itaisoma mapema na kusahihisha mambo ya ukweli, haina haki ya kufuta matokeo, haipewi rekodi za sauti hata ikiomba kwa barua. Na bajeti iwe na fungu la kurudi Faza na Siyu, hapo hapo Pate, kuwaeleza manesi na kamati za dispensari mlichopata, kabla hakijafika mkutanoni Mombasa.