Jinsi ya kuweka onyo la kidijitali kwenye saiti ya barabara, kwa wenzangu wa Dodoma

Jamani naandika hii kwa mafomani, watu wa bendera na yeyote anayesimamia kazi ya barabara huku kwetu, uwe Nala, Ihumwa au huko njia ya Kondoa. Tangu barabara ya mzunguko wa nje ianze kujengwa, ile ya km 112.3, diversheni na vifusi tumeshavizoea, ila dereva wa lori anayepita usiku kutoka mbali hajavizoea, na ile barabara inakatiza njia zote kubwa za kutoka mjini, ya Moro, ya Iringa, ya Singida na ya Arusha.

Kabla hujanunua taa wala bango piga kwanza hesabu ya mwendo. Gari la km 80 kwa saa linakula mita 22 kwa sekunde moja. Dereva akishtuka, sekunde mbili zinapita hata breki hajagusa, hizo ni mita 44, afu ndo tairi zianze kushika, na juu ya lami yenye vumbi hazishiki vizuri. Sasa koni uliyoiweka mita 50 kabla ya shimo inamsaidia nani?

Nilishawahi kuwepo usiku kwenye saiti moja njia ya Singida, kijana wa boda akaingia mzima mzima kwenye kifusi. Kibao kilikuwepo, ila kimejaa vumbi na kimesimamishwa pale pale penye kifusi. Alinyanyuka, namshukuru Mungu, lakini ile taa ya pikipiki iliyobaki inawaka imeangalia juu, vumbi linapita kwenye mwanga, hainitoki mpaka leo.

Kwa hiyo bango la taa, lile la kuvuta na trela, kwenye njia kuu lipeleke mbali, kama kilomita moja kabla, na liwe pembeni kabisa mwa barabara. Maneno yawe machache. Ukurasa wa kwanza UJENZI MBELE KM 1, wa pili PUNGUZA MWENDO 50, basi, usiongeze wa tatu maana dereva atakuwa ameshapita hajausoma. Habari za kuomba radhi kwa usumbufu weka kwenye kibao cha kawaida. Usiku punguza mwanga, bango linalowaka kama mchana linampofusha mtu na akishalipita haoni kitu. Kama una rada inayomwonyesha dereva spidi yake mwenyewe iweke katikati, kati ya bango na koni za kwanza, mtu akiona 84 yake inawaka mbele ya macho mguu unatoka wenyewe kwenye mafuta.

Umeme wa jua wa kuwasha bango huku kwetu hausumbui, shida ni vumbi. Sisi tupo kama nyuzi 6 kusini ya ikweta, paneli iangalie kaskazini na ilale kidogo tu, na ifutwe kila asubuhi kabla greda halijaanza. Na ule upepo wa mwezi wa saba unaangusha kila kitu, kandamiza miguu kwa viroba vya mchanga. Mawe hapana, tairi ikiligonga linaruka kama risasi.

Baada ya hapo ndo simu. Kwenye Waze, ile programu ya ramani ya madereva, gusa sehemu ya kuripoti, chagua hatari, kisha ujenzi, ila fanya ukiwa umesimama. Ripoti ikikosa watu wa kuithibitisha inapotea yenyewe, kwa hiyo mpe mtu mmoja kazi ya kuirudisha kila zamu. Lakini madereva wengi huku hawatumii Waze, wako kwenye magrupu ya WhatsApp ya mabasi na malori, huko ndo ujumbe unatembea. Tuma lokesheni na sauti fupi, mfano: "Ukitokea Bahi kuja Dodoma, km 3 kabla ya Nala, upande wa kushoto umefungwa, magari yanapita kwa zamu mpaka saa 12 jioni." Omba namba za makonda na mautingo uwatumie wao, mwenye usukani asishike simu.

Kitu ninachokiomba sana ni hiki, onyo liwe la kweli saa ile ile. Wote tunaijua lugha ya matawi, ukikuta majani barabarani unajua mbele kuna gari bovu, ila gari likitengenezwa wanaondoka matawi yanabaki, na sisi tumeshajifunza kuyapita bila kupunguza. Bango linalosema ujenzi mbele wakati kazi imehama tangu juzi linafundisha kitu hicho hicho, na wa kulipia ni yule mtu wa bendera wa kesho. Kazi ikihama kilomita mbili, siku hiyo hiyo bango lihame, ripoti ya Waze ifutwe, kwenye grupu uandike IMEFUNGULIWA.

Mwisho, giza likiingia panda gari, toka nje ya saiti kilomita mbili, rudi taratibu mwenzako akirekodi video, pande zote mbili. Sehemu ambayo bango halisomeki kwenye video, kesho asubuhi anza nayo.