Kuchagua msumeno wa meza inayotembea kwa karakana ndogo

Msumeno wa meza inayotembea ni mashine ambayo meza yake husogea na bodi ikiwa juu yake, ikiipitisha kwenye bledi inayozunguka (nayo huitwa msumeno). Dukani utaonyeshwa kwanza mota na rangi ya mashine. Wewe anza na vitu ambavyo havitabadilika baada ya kulipa: bodi unazonunua, chumba ulicho nacho na umeme unaoingia humo. Hatua hizi zinamlenga seremala wa makabati ya jikoni, kabati za nguo na samani za ofisi, anayekata MDF, melamini na plaiwudi kila siku, na mbao ngumu mara mojamoja.

Hatua ya 1: Pima bodi, kisha pima chumba

Bodi nyingi za sokoni ni futi 8 kwa 4, yaani milimita 2440 kwa 1220. Zipo pia kubwa za 2750 kwa 1830. Meza zinazotembea nazo huuzwa zaidi katika urefu wa milimita 1600, 2600 na 3200 hivi.

Meza ya 1600 inakata upana wa 1220 bila taabu. Haitoshi kupasua bodi kwa urefu wake, kwa hiyo hapo utaegemea fensi ya kupasulia (ukuta ulionyooka sambamba na bledi) kama kwenye msumeno wa meza wa kawaida, na ukingo wa kiwandani ndio utakaoongoza mkato. Ukingo ukiwa umepondwa kwenye lori, mkato nao unapinda. Bodi ya 1830 haiwezi kukatwa upana kwa meza hii.

Meza ya 2600 ina mtego wake. Urefu wa meza si urefu wa mkato, kwa sababu sehemu ya mwendo huliwa na bodi kufika kwenye msumeno na kuuacha. Muulize muuzaji inakata milimita ngapi msumeno wa kuchanja (bledi ndogo inayotangulia ile kuu) ukiwa juu, kisha mwambie akuonyeshe kwa bodi nzima. Kama unanunua bodi za 2750, usihangaike: chukua 3200.

Sasa chumba. Mashine ya 3200 husukuma meza mbele na kuirudisha nyuma, hivyo pamoja na nafasi ya mtu itataka karibu mita 7 kwa urefu na mita 5 kwa upana mkono wa pembeni, yaani tegemeo la bodi kubwa kando ya meza, ukiwa umeunganishwa. Wengi hununua ya 1600 wakidhani wameokoa nafasi. Wanasahau kwamba bodi ya 2440 ikipasuliwa inahitaji mita 2.44 kabla ya msumeno na nyingine 2.44 baada yake, jumla karibu mita 5 hata kabla ya kujihesabu wewe. Chumba kikiwa kifupi, elekeza mstari wa msumeno kwenye mlango ili bodi itokee nje.

Kumbuka na uzito: MDF ya milimita 18 ya futi 8 kwa 4 ina kilo 40 hivi, na bodi kubwa ya unene huohuo hupita kilo 60. Fundi anayefanya kazi peke yake asikubali mashine isiyo na mkono wa pembeni wenye rola mwanzoni mwake.

Hatua ya 2: Umeme kabla ya kilowati

Mota ya njia moja (fezi moja) ya kilowati 3 huvuta ampea 17 hadi 18 ikiwa na kazi, na wakati wa kuwaka huvuta mara kadhaa ya hapo kwa muda mfupi. Ndiyo maana sakiti breka ya nyumbani huanguka kila ukiwasha. Tumia breka ya mota, waya wa milimita 4 za mraba au mnene zaidi kama umbali ni mrefu, na laini yake pekee.

Mota ya njia tatu ya kilowati 4 huvuta ampea 8 hivi kwa kila fezi, na kwa bodi inatosha kabisa. Kilowati 5.5 ni ya mtu anayepasua mbao nene.

Kama huna njia tatu, utaambiwa ununue inveta inayoingiza njia moja na kutoa tatu. Kabla ya kukubali, soma kibao cha mota. Kikiandikwa 220/380, inveta ya kawaida itaiendesha mota ikiungwa delta (muungano wa pembetatu). Kikiandikwa 380/660, haitapata nguvu yake, kwa kuwa inveta hiyo hutoa volti 220 tu. Mota nyingi za kilowati 4 kwenda juu ziko katika kundi hili la pili, na ndipo pesa hupotea.

Pima volti jioni, si asubuhi. Nguvu ya kuzungusha hushuka kwa mraba wa volti: laini ya 400 ikishuka hadi 340, unabaki na asilimia 72 tu. Msumeno utakwama katikati ya bodi nawe utailaumu bledi. Ongeza kinga ya kukatika kwa fezi, maana mota ya njia tatu ikibaki na fezi mbili huungua ndani ya dakika chache.

Hatua ya 3: Chunguza meza inayotembea

Hapa ndipo pesa yako inapokwenda. Mashine hizi ni za tangu 1906, Wilhelm Altendorf alipozianzisha Ujerumani, na hadi leo kinachotofautisha nzuri na mbaya ni namna meza inavyotembea.

Za bei nafuu hutembea kwa beringi juu ya vyuma vya mviringo vilivyoshikwa kwenye alumini. Hazina ubaya zikiwa mpya, ila unga ukigandamana kwenye vyuma, meza huanza kudunda. Zilizo bora hutumia golori kati ya reli za chuma kigumu. Kwa zote fanya hivi:

Isukume kwa kidole kimoja toka mwanzo hadi mwisho. Ikiwa nzito katikati na nyepesi mwishoni, reli si sambamba. Kisha ivute hadi mwisho, ishike kwenye ncha na uitikise juu na chini, kushoto na kulia. Mchezo unaosikika mkononi utaonekana kwenye mkato. Halafu funga geji ya saa (kipimo chenye mshale kinachosoma sehemu ndogo za milimita) kwenye meza, ncha yake iguse jino moja la msumeno upande wa mbele. Zungusha jino hilohilo hadi nyuma na upime tena. Nyuma iwe mbali na meza kwa milimita 0.05 hadi 0.1. Ikiwa karibu zaidi kuliko mbele, meno ya nyuma yatakwangua bodi yakipanda na kumegua melamini upande wa juu.

Hatua ya 4: Msumeno mkuu na wa kuchanja

Msumeno mkuu huwa wa kipenyo cha 300 au 315, tundu la 30. Kwa mizunguko 4000 kwa dakika, wa 300 unakwenda mita 63 kwa sekunde, mwendo mzuri kwa melamini. Angalia mizunguko ya juu iliyoandikwa kwenye bledi kabla ya kubadilisha mkanda kwenye puli.

Kwa melamini nunua meno 96 yenye mpangilio wa bapa na trapeza, yaani jino bapa hupishana na jino lililokatwa pembe. Kwa kupasua mbao, meno 24. Mvule utakuchezea: mara nyingine hubeba mawe ya chokaa ndani ya mti, na jino la kabaidi hupasuka hapohapo. Ukipasua sana mvule, mninga au mbao mbichi, tumia msumeno mwingine wa kawaida. Ni dhambi kuumiza mashine ya bodi kwa kazi hiyo.

Msumeno wa kuchanja, kipenyo cha 120 hivi, hutangulia na kukata milimita 1.5 hadi 2 upande wa chini. Bila huo melamini itameguka chini hata bledi ikiwa mpya, na ukanda unaobandikwa kwenye kingo hautaficha kasoro. Uwe mpana kuliko msumeno mkuu kwa milimita 0.1. Ukiwa mwembamba, meno makuu yanamegua. Ukiwa mpana mno, unaacha ngazi inayoonekana chini ya ukanda. Wa aina ya koni hupanuka kadiri unavyoupandisha, ni mwepesi kurekebisha. Wa vipande viwili huwekewa shimu (vibati vyembamba) katikati. Msumeno mkuu ukinolewa hupungua upana, hivyo rekebisha upya kila unaporudi kwa mnoaji.

Mkanda mwembamba wa msumeno wa kuchanja ndio hukatika kwanza, na kuupata si rahisi. Nunua miwili siku hiyohiyo.

Hatua ya 5: Vitu visivyojadiliwa

Kisu cha mwanya nyuma ya msumeno: kinene kuliko bamba la bledi, chembamba kuliko mkato wake. Bledi ya mkato 3.2 na bamba 2.2 inataka kisu cha 2.5 hadi 2.8. Kikikosekana, mbao hubana nyuma na kurushwa kwako.

Swichi isiyojiwasha: zima umeme kwenye meni (swichi kuu) ukiwa dukani, kisha urudishe. Mashine ikianza kuzunguka yenyewe, iache. Umeme wetu unajulikana.

Hatua ya 6: Jaribu kabla ya kulipa

Nenda na kipande cha MDF cha mita 1 kwa 1, kalipa (kipimo cha unene), na melamini chakavu.

1. Kata upande wa kwanza. Geuza bodi ili ukingo uliokatwa uegemee fensi ya meza inayotembea (si ile ya kupasulia), kata wa pili, kisha wa tatu na wa nne, ukigeuza kwa mwelekeo uleule.
2. Mkato wa tano ukate tena upande wa kwanza, utoe kipande cha milimita 20 hivi.
3. Pima upana wa kipande hicho kwenye ncha zote mbili. Gawanya tofauti kwa 4. Tofauti ya 0.8 inamaanisha fensi imekosa pembe kwa 0.2 katika mita.

Kosa hilo peke yake lisikufanye ukatae, kwa kuwa fensi hurekebishwa. Rudia jaribio bila kugusa chochote. Majibu yakitofautiana, kuna mchezo kwenye meza au fensi, na huo haurekebishwi kwa spana.

Halafu pasua vipande viwili virefu, laza ukingo uliokatwa wa kimoja juu ya wa kingine, utazame mwanga. Uwazi katikati ni mara mbili ya kupinda kwa meza.

Mashine ya mtumba itake zaidi: toa bledi, weka geji ya saa kwenye flanji (bamba linaloshika bledi) na uzungushe kwa mkono, mtikisiko ukipita milimita 0.03, ekseli au beringi imekwisha. Beringi za namba za kawaida hupatikana kwa urahisi, ekseli iliyopinda haipatikani. Inamisha msumeno hadi nyuzi 45 na uurudishe. Gurudumu likikwama, chungulia chini, huenda ni unga na utomvu tu.

Hatua ya 7: Hesabu ya pembeni

Mfumo wa vumbi si anasa. Mdomo wa kufyonzea vumbi wa chini, wa milimita 120, unataka mita za ujazo 800 kwa saa ili upepo ufike mita 20 kwa sekunde, na wa juu wa 80 unataka 360. Kifyonza vumbi kitoe angalau 1200 kwa saa, la sivyo unga utaingia kwenye reli za meza na mapafuni.

Weka pia fedha ya kushusha mashine ya kilo 600 hadi 1000, sakafu ya zege, bledi mbili na za akiba. Sawazisha mashine kwa pima maji kwenye mwili wa chuma, kamwe si juu ya meza inayotembea. Baada ya wiki mbili za kazi kaza mikanda, safisha reli kwa kitambaa kikavu bila grisi, na urudie mikato mitano.