Mteja kaja kununua P2: jinsi ya kumpa kipimo cha kujipima VVU

Katika duka la dawa, ni wachache wanaofika kaunta na kusema wanataka kupima. Wengi huja kutaka P2 (kidonge cha dharura cha kuzuia mimba), kondomu, au "dawa ya mkojo unaochoma". Kenya ilizindua kujipima VVU mwaka 2017, na mlango wa kazi hii ni hao.

1. Tenga pembe. Pazia na viti viwili. Yangu ilikuwa ya maboksi ya sirapu.

2. Mhudumie kwanza, ndipo useme. Mwaka wangu wa kwanza nilimuuliza dada mmoja mbele ya foleni, "Na VVU umepima?" Aliondoka bila kuchukua chenji. Siku hizi namkabidhi alichotaka, kisha kwa sauti ya chini: "Dada, tuna kipimo cha mate pia. Ukitaka, tuketi pale dakika mbili." Akikataa, yaishe. Alilala na nani, hayakuhusu.

3. Uliza lini. Hili wengi wetu hulisahau. Ikiwa hatari, kama ngono bila kinga, ilitokea ndani ya saa 72, kipimo si cha leo. Mwelekeze kliniki upesi akapewe PEP, dawa za kuzuia VVU baada ya hatari. Kipimo cha mate hakioni maambukizi ya juzi, huenda yakahitaji miezi 3 kuonekana. Anayetumia ARV (dawa za VVU) naye asikitumie, chaweza kumdanganya.

4. Mwonyeshe. Kipimo cha mate nilicho nacho ni OraQuick. Asile wala kunywa kwa dakika 15 kabla. Apitishe kijiti mara moja kwenye ufizi wa juu, mara moja wa chini, kisha akitumbukize kwenye kichupa cha maji ya kipimo. Asome baada ya dakika 20, asipitishe 40. Akipenda kwenda nacho nyumbani, mpe. Mwambie aweke saa kwenye simu.

5. Majibu. Mstari wa C (unaoonyesha kipimo kimefanya kazi) peke yake: hakijaonyesha VVU, ila kumbuka ile miezi 3. C na T (mstari wa VVU), hata T ikiwa hafifu kama kivuli: akapimwe tena kituo cha afya. Usimwambie "unao", hujui bado. C isipotokea, kipimo kimeharibika, fungua kingine.

6. Anayetoka usaha. Kipimo hiki hakijui kisonono wala kaswende. Usimuuzie antibayotiki kwa kukisia. Mpeleke maabara, na mwenzake pia. Anwani ya kliniki mwandikie kwenye karatasi isiyo na jina la duka.