Siku ya Mwisho ya Matembezi Nje ya Nchi na Watoto: Mambo ya Kuzingatia Kabla Haijafika

Siku ya mwisho huanza kuharibika siku mbili tatu kabla, wazazi wanapopitia orodha ya vivutio na kuona vitano bado havijaguswa. Vyote husukumiwa asubuhi ya kuondoka. Uamuzi wa kwanza kabisa, kwa maoni yangu, ni huu: siku ya kuondoka ni siku ya safari. Kivutio ambacho familia itajutia kweli kukikosa kiwekwe mapema, na vilivyobaki viachwe bila kinyongo. Mtoto wa miaka sita hajui kwamba hajaliona jumba la kifalme la mji ule. Anachojua ni kwamba anavutwa mkono na miguu inamuuma.

Baada ya hapo chukua saa ya ndege kuruka, uhesabu kurudi nyuma. Kwa safari za kimataifa, mashirika mengi hufunga kaunta ya mizigo dakika 60 kabla ya ndege kuondoka, mengine dakika 45, na ikishafungwa haifunguliwi tena hata kama ndege bado mnaiona kwenye kioo. Ukiwa na watoto, fika saa 3 kabla ya ndege kuruka. Juu yake ongeza muda wa gari au treni, kisha nusu saa nyingine ya choo, kiatu kilichopotea na mtoto mdogo anayegoma kuamka. Mnaoondokea Ulaya kurudi kwenu mna sababu ya ziada ya kuwahi: tangu tarehe 12 Oktoba 2025 nchi za eneo la Schengen, yaani zile za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa pasipoti kwenye mipaka kati yao, zilianza kuwasajili wageni wasio raia wa Umoja wa Ulaya kwa picha ya uso na alama za vidole badala ya kugonga muhuri, na usajili huo unahusu kutoka pia, si kuingia tu. Watoto wa chini ya miaka 12 hawachukuliwi alama za vidole, lakini picha hupigwa, na kumtuliza mtoto mbele ya kamera huchukua muda wake.

Kama ndege ni ya jioni, kuna saa kadhaa kati ya kukabidhi chumba na kwenda uwanjani, na hapo ndipo familia nyingi hukwama na masanduku barabarani. Uliza mapokezi siku moja kabla kama wanatunza mizigo, au kama mnaweza kuongezewa muda wa kukaa na kwa malipo gani. Kisha wape watoto wachague sehemu moja tu, iliyo karibu. Hakikisha iko wazi: kule Paris jumba la makumbusho la Louvre hufungwa Jumanne na la Musée d'Orsay Jumatatu; Taj Mahal ya India hufungwa Ijumaa. Hakikisha pia mtaruhusiwa kuingia na mlichobeba, kwa sababu Mnara wa Eiffel wa Paris na Colosseum, uwanja wa kale wa Roma, haviruhusu masanduku ya safari wala havina mahali pa kuyaacha. Ukiniuliza mimi, bustani yenye nafasi ya kukimbia inashinda jumba lolote la makumbusho siku hiyo. Mtoto aliyekimbia asubuhi hulala angani. Kwenye familia yenye kijana anayezamia baharini kwa mtungi wa hewa, mchezo huo umalizike mapema: ushauri wa wataalamu ni kusubiri angalau saa 12 baada ya kuzamia mara moja, na saa 18 baada ya kuzamia mara kadhaa, ndipo apande ndege.

Kufungasha ni kazi ya usiku wa kuamkia siku hiyo, watoto wakiwa wamelala. Nguo za safari za kila mmoja ziwekwe kando kabla sanduku halijafungwa. Katika begi la mkononi ziingie dawa zote, nepi za kutosha hata ndege ikichelewa, na nguo za kubadilisha za mtoto pamoja na fulana ya mzazi atakayempakata, kwani mtoto akitapika huchafuka wawili. Pasipoti zote zikae kwa mtu mmoja anayejulikana. Mzazi anayesafiri peke yake na watoto aiweke barua ya ridhaa ya mzazi mwenzake na nakala ya cheti cha kuzaliwa pamoja nazo, maana maswali huulizwa hata wakati wa kutoka, si wa kuingia tu. Mashirika mengi huruhusu kuthibitisha safari mtandaoni (check-in) kuanzia saa 24 kabla. Fanya hivyo mara tu muda huo unapofika ili mpate viti vya kukaa pamoja. Kuomba wageni wabadilishane viti mkiwa tayari ndani ya ndege ni mzigo kwa kila mtu.

Sehemu inayohitaji subira kuliko zote ni hazina za watoto. Wiki nzima wamekuwa wakikusanya, na usipokagua nao nyumbani mlipofikia, atakayekagua ni ofisa wa usalama, na mtoto atanyang'anywa kitu chake mbele ya foleni. Ile tufe ya kioo yenye maji na theluji ya bandia ni kimiminika, na katika viwanja vingi bado kila kimiminika cha mkononi hakitakiwi kuzidi mililita 100. Ute wa kuchezea (slime) nao huhesabiwa hivyo hivyo. Vitu hivyo viviringishwe kwenye nguo ndani ya sanduku kubwa. Bunduki ya kuchezea, hata ya maji, isiende kabisa kwenye begi la mkononi. Maziwa na chakula cha mtoto mchanga kwa kawaida huruhusiwa kupita kiasi hicho, ila uvitoe na kuvionyesha mwenyewe.

Halafu kuna kokoto, mchanga na makombe ya pwani. Hapa usiseme "ni kidogo tu". Kisiwani Sardinia sheria ya mwaka 2017 inakataza kuondoka na mchanga, kokoto au makombe ya fukwe zake, na faini ni kati ya euro 500 na 3,000. Matumbawe, magamba ya kasa na vitu vya pembe za ndovu vinaangukia chini ya mkataba wa kimataifa wa CITES, unaodhibiti biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, ulioanza kutumika mwaka 1975, na vinaweza kutaifishwa mnakotoka au mnakoingia. Mweleze mtoto mapema, tena ufukweni wenyewe, kwamba kombe lile hupigwa picha na kubaki pale. Akielewa sababu, hataona ameonewa.

Pawabenki na betri za akiba hazikubaliwi katika sanduku linalokwenda chini ya ndege, zibebwe mkononi. Kiwango kinachoruhusiwa bila kibali cha shirika ni wati-saa (Wh) 100. Kama chombo kimeandikwa mAh pekee, yaani kiasi cha chaji kinachobeba, zidisha kwa volti za betri zilizo ndani, ambazo kwa kawaida ni 3.7, kisha gawa kwa 1,000: ya mAh 20,000 ni wati-saa 74, hivyo inapita. Ijazwe usiku huo huo pamoja na vishikwambi vya watoto, na filamu zipakuliwe kukiwa na intaneti.

Kama mlinunua vitu vya thamani katika nchi za Umoja wa Ulaya na mna fomu za kurudishiwa kodi ya ongezeko la thamani (VAT), bidhaa zisifungiwe ndani kabisa. Forodha wanaweza kutaka kuziona kabla ya kuidhinisha fomu, na uidhinishaji unafanyika pale mnapotoka kwenye Umoja, kabla sanduku halijakabidhiwa. Weka muda wa foleni hiyo pia. Uingereza, ukiacha Ireland ya Kaskazini, haina tena utaratibu huo kwa mgeni anayebeba bidhaa mwenyewe; uliondolewa mwanzoni mwa 2021.

Fedha: maduka ya kubadilisha hupokea noti na kukataa sarafu. Wape watoto sarafu zilizobaki wanunue walichokitamani, lakini nauli ya kufika uwanjani itengwe kwanza.

Asubuhi, kabla ya kurudisha ufunguo, kagueni chumba kwa utaratibu na kila mtoto apewe eneo lake: chini ya vitanda, nyuma ya mapazia, kwenye soketi, ndani ya friji, nyuma ya mlango wa bafu. Wao huona vitu vilivyo chini ambavyo sisi hatuvioni. Kasiki iachwe kwa mtu mzima, na mwenye wasiwasi wa kuisahau afungie humo kiatu kimoja cha kuvaa safarini. Shuka zikung'utwe, kwa sababu mwanasesere wa kulalia hujificha humo, na yeye ndiye mzigo usio na mbadala.

Mkishafika uwanjani, kigari cha mtoto mara nyingi mnaweza kukisukuma hadi mlango wa ndege. Kiombee lebo kwenye kaunta. Ndani ya ndege, masikio ya watoto huuma hasa inapoanza kushuka. Mchanga anyonyeshwe au apewe chupa wakati huo, mkubwa atafune kitu au ameze mate mara kwa mara, na aliyelala aamshwe kabla ya kushuka kuanza, kwani usingizini humezi mara nyingi.

Mkifika na sanduku lisionekane, msitoke ukumbi wa mizigo kabla ya kuandikisha taarifa kwenye dawati la shirika na kupewa namba ya kumbukumbu. Chini ya Mkataba wa Montreal wa 1999, unaohusu wajibu wa mashirika ya ndege kwa abiria na mizigo yao, malalamiko ya mzigo ulioharibika yapelekwe kwa maandishi ndani ya siku 7 tangu kuupokea, na ya mzigo uliochelewa ndani ya siku 21 tangu ulipofikishwa kwenu. Picha ya kila sanduku, ndani na nje, iliyopigwa usiku ule wa kufungasha, ndiyo itakayowasaidia kulieleza.