Kuunda kompyuta ya mezani bila kununua vitu viwili vinavyokataana

Wateja wengi hunifikia wakiwa tayari wamenunua kadi ya picha, kifaa kinachotengeneza picha za skrini kwa gemu na video. Inang'aa taa, ina feni tatu, na haiingii kwenye keisi yao, yaani kasha la kompyuta. Mimi hufuata mpangilio huu.

Hatua ya 1: Kazi. Wa kuchapa barua na kupiga hesabu hahitaji kadi ya picha kabisa. Tuchukue kijana anayehariri video za harusi mchana na kucheza gemu usiku.

Hatua ya 2: Prosesa (ubongo wa kompyuta) na mazabodi (bodi kuu ambayo kila kitu huchomekwa), kwa pamoja. Ryzen 5 5600 ya AMD hukaa kwenye soketi (tundu la prosesa) ya AM4, Ryzen 5 7600 kwenye AM5. Hazibadilishani. Intel za kizazi cha 12 hadi 14 hutumia soketi ya LGA1700. Soma na herufi ya mwisho: 5600G ina picha ya ndani, yaani huonyesha skrini bila kadi ya picha, 5600 haina, na Intel yenye F haina pia. Ukikosea hapo na huna kadi ya picha, skrini itabaki nyeusi na utagombana na muuzaji bure.

Mtego mwingine ni mazabodi ya B450, ya soketi ya AM4, iliyokaa sana stoo. BIOS yake, programu ya ndani inayoiwasha mashine, inaweza kuwa ya zamani, isiyoitambua 5600. Fungua tovuti ya mtengenezaji wa mazabodi, tafuta orodha ya prosesa inazokubali, uone toleo la BIOS linalohitajika.

Hatua ya 3: RAM, kumbukumbu ya muda ya kazi inayoendelea. Ina aina zisizobadilishana: AM4 ni DDR4, AM5 ni DDR5. LGA1700 kuna mazabodi za aina zote mbili, kwa hiyo soma boksi. Kwa kijana wetu, vijiti viwili vya GB 16 vilivyouzwa pamoja.

Hatua ya 4: SSD, hifadhi ya mafaili. Umbo la M.2, kijibodi chembamba kinachochomekwa kwenye mazabodi, halitoshi kukuhakikishia. Kuna M.2 ya SATA na ya NVMe, njia mbili tofauti za kupitisha data. Uliza mazabodi yako inapokea ipi.

Hatua ya 5: Kadi ya picha na keisi. Linganisha milimita na nafasi iliyo ndani ya keisi: urefu wa kadi, na kimo cha feni ya prosesa.

Hatua ya 6: Pawa saplai, boksi linalogawa umeme kwa vifaa vyote. Hapa ndipo watu hubana hela, na hapa ndipo mashine huungua. Tuseme kijana wetu ana kadi ya picha ya RTX 4060 na prosesa ya Ryzen 5 5600: kadi hula wati 115, prosesa imeandikiwa wati 65, na NVIDIA, wenye kadi hiyo, wanashauri pawa saplai ya wati 550. Ila usiamini namba kubwa ya kwenye boksi. Geuza, soma jedwali la stika, safu ya 12V (volti 12). Ikiandikwa ampea 20, zidisha kwa 12: ni wati 240 tu, hata kama nje pameandikwa 500. Nembo ya 80 Plus inapima umeme unaopotea kama joto, haithibitishi kinga dhidi ya hitilafu za umeme.

Pawa saplai ikiwa na kiswichi chekundu cha 115/230 (volti za umeme wa ukutani), kiwe 230 kabla ya kuchomeka. Mimi mwenyewe nilikisahau siku moja: mlio kama risasi, moshi, kimya. Na kebo za kuchomoa za pawa saplai moja usizitumie kwenye nyingine, hata plagi zikiingia. Mpangilio wa nyaya hutofautiana.

Unafikiria kuokoa gharama kwa kutoa mazabodi kwenye Dell OptiPlex 9020 ya mtumba? Plagi yake kuu ya umeme ina pini 8, wakati pawa saplai za kawaida zina 24. Utahitaji kebo ya kuunganishia.

Hatua ya 7: Dukani. Omba iwashwe mbele yako, ingia BIOS, hakikisha RAM yote inasomeka. Risiti iandikwe serial namba ya kila kifaa. Kisha ongeza bei ya UPS, betri ya akiba ya kompyuta, kwenye bajeti, kwa sababu umeme ukikatika na kurudi kwa kishindo hauchagui kifaa.