Kupima uthabiti wa theluji kabla ya kuteremka kwa skii

Poromoko la theluji linaloua watu wa skii, yaani wanaoteleza thelujini kwa mbao za miguuni, mara nyingi ni la bamba: theluji iliyoshikana, imekalia tabaka dhaifu. Tabaka hilo likivunjika mahali pamoja, ufa hukimbia chini ya bamba zima, na kwa kawaida kinachouanzisha ni uzito wa mtelezaji mwenyewe.

Anza na mwinuko. Mabamba mengi hung'oka kwenye nyuzi 30 hadi 45, basi pima kwa klinomita, kifaa cha kupimia mwinuko, macho hudanganya. Angalia pia kilicho juu yako, maana poromoko laweza kuanzishwa na mtu aliye chini, kwenye tambarare.

Ukiona poromoko jipya, nyufa zinazokimbia mbele ya skii, au ukisikia theluji ikizama kwa mlio mzito, usichimbe shimo lolote la kupimia. Jibu umeshalipata: rudi kwenye miteremko isiyofika nyuzi 30, isiyo na mwinuko mkali juu yake. Theluji mpya ya sentimita 30 kwa siku moja, upepo unaoirundika upande mmoja na joto la ghafla navyo ni vya kuogopwa.

Kama hakuna dalili hizo, chimba shimo mahali salama penye theluji isiyokanyagwa, panapoelekea upande uleule na urefu uleule wa mlima kama mteremko unaoutaka. Lainisha ukuta uwe wima. Sukuma kila tabaka kwa ngumi, kisha vidole vinne, kidole kimoja, penseli, kisu. Kinachopenya kwa urahisi ndicho kipimo cha ugumu. Tafuta tabaka laini chini ya gumu. Ukikwangua chembe zikamiminika kama sukari ya chengachenga, zisishikane hata ukizifinya, hilo ndilo tabaka la kupimwa.

Kata nguzo ya sentimita 90 kwa upana wa mteremko na 30 kuelekea juu, uitenganishe nyuma kwa kamba au msumeno hadi chini ya tabaka hilo. Laza koleo (beleshi) juu ya nguzo, kwenye ncha moja, ulipige mara 10 kwa kiganja ukikunja kifundo cha mkono, 10 kutoka kwenye kiwiko, 10 kutoka begani, ukihesabu. Ufa ukivuka nguzo nzima kwa pigo lilelile lililouanzisha au linalofuata, achana na mteremko huo. Ukiishia chini ya koleo, ni nafuu, lakini si ruhusa: theluji hubadilika ndani ya mita chache, na tabaka lililo chini ya mita moja hivi halifikiwi vizuri na mapigo. Kosa la kawaida ni kutokata nyuma mpaka mwisho. Nguzo ikibaki imeshikwa, huonekana imara kuliko ilivyo.

Mkiamua kuteremka, shukeni mmoja mmoja, wengine wakitazama kutoka mahali salama. Kila mtu awe na koleo, ufito wa kudunga thelujini kumtafuta aliyefukiwa, na transiva ya 457 kHz (kifaa cha redio cha kutafutana chini ya theluji) iliyojaribiwa asubuhi hiyohiyo, kwa kuwa aliyefukiwa hupoteza nafasi ya kuishi haraka sana baada ya dakika 10 za kwanza, na watakaomfikia ndani ya muda huo ni wenzake tu.