Pima utepe wa supakondakta ndani ya uga sumaku kabla hujasuka koili

Ampea zinazotajwa na muuzaji wa utepe wa supakondakta, yaani kitu kinachopitisha umeme bila ukinzani kikiwa baridi sana, kwa kawaida hupimwa kwenye 77 K (kelvini 77, baridi ya nitrojeni kimiminika), utepe ukiwa peke yake, bila sumaku ya nje. Ndani ya koili hali ni nyingine kabisa. Kila mzunguko umekaa kwenye uga wa mizunguko mingine, na uga huo unashusha mkondo kikomo, yaani ampea ambazo utepe hubeba kabla volteji haijaanza kujitokeza. Anayesuka koili Mtwara au Lindi apime kwanza kipande cha utepe huohuo.

Jambo la kutilia mkazo ni pembe. Katika utepe wa REBCO (supakondakta ya oksidi ya shaba, bariamu na metali adimu) wa upana wa milimita 4, tabaka linalobeba mkondo lina unene wa mikromita 1 au 2 tu. Sehemu kubwa iliyobaki ni chuma cha kulishikilia na shaba. Uga wa nusu tesla (tesla ni kizio cha uga sumaku) ukiupiga uso wa utepe wima kwenye 77 K, unaweza kuondoa zaidi ya nusu ya ampea. Ukilala sambamba na uso, hasara huwa ndogo zaidi. Uga huingia kama nyuzi nyembamba za sumaku. Mkondo unazisukuma, nazo zikianza kutembea volteji inatokea. Viwanda huchanganya vipunje vya kuzinasa nyuzi hizo, kila kimoja kwa namna yake, kwa hiyo usikariri kwamba digrii 90 ndiyo pembe mbaya kuliko zote. Pima kila baada ya digrii 15.

Kata utepe wa sentimita 20 na uulaze juu ya ubao wa faibaglasi. Lehemu nyaya nene za mkondo kwenye sentimita 4 za kila ncha. Tumia lehemu ya indiamu na bati, inayoyeyuka kwenye nyuzi joto 118 za Selsiasi. Joto kali hufukuza oksijeni kwenye tabaka na kuua utepe. Katikati weka nyaya mbili nyembamba za volteji, umbali wa sentimita 2 kati yake, na uzisokote pamoja hadi kwenye mita ya nanovolti. Mkondo usomwe kwa shanti, yaani kipingamizi kidogo chenye ukinzani unaojulikana.

Sanduku nene la foamu, lile la kusafirishia samaki, linatosha kuwa chombo. Nitrojeni kimiminika ni ileile wanayotumia wataalamu wa uhimilishaji kuhifadhi mbegu za madume ya ng'ombe. Iagize mapema, maana inapungua njiani. Lita 1 hutoa takriban lita 700 za gesi inayofukuza hewa ya kupumua, kwa hiyo fungua milango na madirisha yote.

Kwa uga, fungia vizuri sumaku mbili za neodimiamu zikiwa na nafasi ya milimita 15, utepe uzunguke katikati. Chini ya takriban 135 K sumaku hizi hubadilika, hivyo kipimo cha mezani hakifai. Pima uga zikiwa zimezama, kwa kihisio cha Hall, kifaa cha kupimia uga sumaku, kinachostahimili baridi hiyo.

Mimina polepole hadi mchemko mkali utulie. Soma volteji mkondo ukiwa sifuri, kisha panda kwa hatua ndogo, ukitulia sekunde 2 au 3 kila hatua, na utoe ile ya sifuri. Kikomo ni mikrovolti 1 kwa sentimita, hapa mikrovolti 2. Weka kikatizi cha mkondo kwenye mikrovolti 20. Usipuuze hilo: kwa utepe wa kawaida, ampea zikizidi asilimia 10 tu juu ya kikomo, volteji inaweza kupanda mara 17, na utepe ukaungua sehemu moja kabla hujafikia swichi.

Unyevu wa pwani yetu ndio adui anayesahaulika. Utepe ukitolewa baridi hujaa maji papo hapo, maji hupenya kwenye kingo zilizokatwa na kuharibu tabaka. Uache upate joto ndani ya mfuko uliofungwa wenye silika jeli.

Rudia kwa nafasi tofauti kati ya sumaku, kisha chora ampea dhidi ya uga, kwa pembe mbaya zaidi uliyoipata. Juu yake chora mstari wa koili. Tuseme mahesabu yanaonyesha mizunguko ya mwisho juu na chini, ambako uga hujipinda na kuupiga utepe wima, inapata militesla 2 kwa kila ampea. Kama mistari inakutana kwenye ampea 60, yaani tesla 0.12, hapo ndipo koili itakwama, hata utepe uwe umeuzwa kuwa wa ampea 120. Endesha kwenye 45. Ikishindwa kufika hapo, chunguza kwanza koili bapa za mwisho (zile zinazopangwa moja juu ya nyingine kuunda koili nzima) na viungo vyake vya lehemu, kila kimoja kikiwa na nyaya zake za volteji.